Mama Mkwe na Simu za Matapeli

Alikuwa bado hajaolewa wala hajachumbiwa, na tayari watu wa kila rika walikuwa wakimwita Mama Mkwe. Jina hilo alilipata redioni. Kila Jumamosi alasiri aliigiza mwanamke mwenye ulimi wa asali na roho ya pilipili, anayemtesa mke wa mwanawe bila hata siku moja kupandisha sauti, na wasikilizaji walimchukia kwa mapenzi makubwa. Akienda sokoni, muuzaji akiisikia sauti yake alikuwa akigeuka, akamtazama binti mwembamba aliyebeba kikapu, halafu akaangua kicheko.

"Kumbe ndiye wewe! Mwache mtoto wa watu apumue, jamani!"

Naye alikuwa akijibu kwa sauti ileile ya redioni, "Mwanangu, pumzi nimemwachia. Nimemnyang'anya dirisha tu." Hapo nyanya ziliongezwa mbili za juu bila kuombwa.

Mama yake mzazi alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilikuwa hakiishi wateja wenye maswali. "Mtoto mpole vile, ubaya kaujulia wapi?" Mama alikuwa akijibu huku sindano zikiwa mdomoni, "Mimi nilimfundisha kushona, akanishinda. Huo ubaya kajifundisha mwenyewe."

Redio ikapata wamiliki wapya. Wamiliki wapya wakapenda muziki, na michezo ya kuigiza ikaonekana kama samani za bibi, zinazopendwa na wote ila hakuna anayetaka kuzibeba. Waigizaji waliitwa kwenye chumba kimoja, wakapewa keki na hotuba, wakaagwa. Mama Mkwe alitoka pale na mkoba wake mkononi, akiwa na ujuzi wa kulia kwa amri, kucheka kwa amri, na kumfanya mtu asiyemwona amwamini. Alijiuliza ni nani duniani anayeajiri ujuzi wa namna hiyo. Jibu lililomjia la kwanza halikumfurahisha: matapeli.

Alipata kazi katika kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya simu. Ukumbi ulikuwa mrefu, wenye vijimeza vilivyotenganishwa kwa mbao nyembamba, na kila mtu alikuwa na kisikilizio kichwani. Siku nzima kazi ilikuwa ni kupokea malalamiko. Wengi waliopiga walikuwa wameibiwa kwa maneno. Mtu alikuwa amepigiwa na "mwalimu mkuu" kwamba mwanawe ameanguka shuleni, au na "ofisa wa kampuni" kwamba laini yake itafungwa, na kabla hajavuta pumzi ya pili alikuwa ameshataja namba zake za siri.

Wenzake waliandika malalamiko, wakawaambia wateja pole, wakapokea simu inayofuata. Mama Mkwe alikuwa akisikiliza kitu kingine. Aliona kwamba walioibiwa huyakumbuka maneno ya mwizi vizuri ajabu, neno kwa neno, kama wimbo. Na maneno yale aliyatambua. Hakuwahi kuyasikia kabla ya hapo, lakini alilitambua umbo lake. Pale mwanzo palikuwa na salamu ndefu ya kumlegeza mtu. Kisha pakaja kishindo, halafu ukimya mfupi, halafu msaada unaotolewa na yuleyule aliyeleta balaa. Alimgeukia jirani yake siku moja, akamwambia, "Hawa wezi wana mwandishi. Huu ni mchezo ulioandikwa. Mimi nimeigiza vipindi kama hivi miaka yangu yote."

Jirani akacheka. "Basi mtafute akupe nafasi."

Mama Mkwe hakucheka. Alikuwa tayari na shahada ya ualimu aliyoisomea jioni wakati wa redio. Alirudi chuoni kwa shahada ya pili, akaandika tasnifu juu ya lugha ya matapeli wa simu na jinsi watu wazima wanavyoweza kufundishwa kujikinga nayo. Baadhi ya walimu wake walikuna vichwa. Hawakujua kama ile ni kazi ya idara ya lugha, ya elimu, au ya kompyuta. Kila idara ilidhani ni ya jirani. Lakini tasnifu ilipita, tena ilipita vizuri, na ndipo alipoona tangazo la kituo cha utafiti kilichokuwa kikitafuta mtu wa kuunganisha usalama wa mtandao na teknolojia ya kujifunzia.

Siku ya usaili alikuta watu wawili mezani. Mkuu wa kituo alikuwa profesa wa kike, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kando yake alikaa mwanamume mrefu aliyenyoosha mgongo kama rula. Wote kituoni walimwita Inspekta, kwa sababu kabla ya kuwa mtafiti alikuwa mpelelezi wa makosa ya fedha, na hata baada ya kuacha upelelezi, upelelezi haukumwacha.

"Hapa tunashughulika na usalama wa mtandao," Inspekta alisema, akigeuza karatasi zake. "Wewe umeigiza mama mkwe."

"Ndiyo, mzee. Tena mbaya."

"Sasa utatusaidia nini?"

Mama Mkwe aliuona mtego, akaupanda kama ngazi. "Mwizi anayevunja ukuta mnamjua, na mna mitambo ya kumzuia. Mimi namjua yule anayebisha hodi akafunguliwa mlango, akapewa na kiti. Huyo hamna mtambo wake."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Unajua mimi nilikuwa nani kabla ya haya yote?" aliuliza. "Nilifundisha hesabu darasa la pili. Watoto wenye meno ya mbele yaliyong'oka. Watu husema ualimu ule niliuacha. Sikuuacha. Ninachojua kuhusu mtu asiyeelewa lakini anaitikia 'ndiyo mwalimu,' nilikijulia pale." Akamgeukia Inspekta. "Mimi nimeridhika. Wewe?"

"Mimi siridhiki haraka," Inspekta alisema. "Lakini aje tumwone."

Akaja. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, chumba chenye meza tatu, kabati la chuma lisilofunga vizuri, na dirisha linalotazama paa la maegesho ya magari. Kazi ya kwanza waliyopewa ililetwa na shirika la maji la mji. Shirika lilikuwa limenunua somo la kompyuta la kuwafundisha wafanyakazi kujilinda na udanganyifu. Mtu alisoma kurasa, akaangalia picha za kufuli na ngao, akajibu maswali ya kuchagua. Karibu wote walipata alama zote. Uongozi ulitaka kituo cha utafiti kithibitishe kwamba sasa wako salama.

"Tuwajaribu," Mama Mkwe alisema.

Profesa alitaka mambo yafanywe kwa adabu yake. Kamati ya maadili ilipitisha mpango, wafanyakazi wakaelezwa kwamba katika miezi ijayo huenda wakapigiwa simu za majaribio, na wote wakatia saini. Kisha Mama Mkwe akajifungia kwenye chumba kidogo chenye zulia ukutani la kuzuia mwangwi, akaanza kupiga. Leo alikuwa katibu muhtasi aliyechanganyikiwa. Kesho fundi wa kompyuta aliyechoka. Keshokutwa mke wa mkubwa mmoja, sauti tamu kama ile ya Jumamosi alasiri.

Zaidi ya nusu walitaja maneno yao ya siri. Watu walewale waliopata alama zote.

Inspekta alisikiliza rekodi akitikisa kichwa. "Uzembe. Mtu anajua sheria halafu anaivunja. Dawa yake ni adhabu."

"Rudisha nyuma kidogo," Mama Mkwe alimwambia. "Hapo. Sikiliza kabla hajataja."

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, fundi wa zamu katika chumba cha mitambo. Wenzake walimwita Bwana Pole, kwa sababu hata akikanyagwa mguu yeye ndiye aliyeanza kusema pole. Katika rekodi alisikika akivuta pumzi. "Ee... samahani... sasa... hili jambo, dada yangu... ee... haya, sawa." Na hapo akalitaja neno la siri ambalo mtu akiwa nalo angeweza kusimamisha pampu zote za mji, au kuvuruga kipimo cha dawa ya kusafishia maji.

"Huyu anajua," Mama Mkwe alisema. "Anajua kabisa kwamba ninamfanyia ubaya. Msikie anavyotapatapa. Hana maneno tu. Mwigizaji akisahau maneno jukwaani hukamata sentensi yoyote iliyo karibu, hata iwe ya kumponza. Huyu sentensi iliyokuwa karibu ilikuwa 'haya, sawa.' Amelelewa nayo. Sote tumelelewa nayo. Nani alikufundisha wewe kumkatia mkubwa simu bila kuonekana huna adabu?"

Inspekta alizima rekodi. "Hakuna," alisema.

Mkurugenzi wa shirika la maji, alipopelekewa matokeo, alitaka kitu kimoja: majina. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye desturi ya kukohoa kidogo na kuanza kila kauli na "sikiliza," akaimaliza na "tumeelewana?" Alisema, "Sikiliza. Walioanguka nitawachukulia hatua. Tumeelewana?"

"Hatujaelewana, mheshimiwa," Mama Mkwe alisema kwa utulivu. "Ukiwaadhibu, siku mwizi wa kweli akimlaghai mmoja wao, ataficha. Na jambo kama hilo likifichwa saa moja, mji mzima unaweza kukosa maji. Mimi nataka aje mbio kusema 'nimekosea.' Majina sitoi. Na tulikubaliana hivyo kwenye mkataba, ukurasa wenye saini yako."

Mkurugenzi alimtazama Profesa. Profesa alikuwa ameinamia kikombe chake cha chai kana kwamba amekiona sasa hivi kwa mara ya kwanza. Majina hayakutolewa.

Ndipo kazi yenyewe ikaanza, kazi ambayo Mama Mkwe aliipenda kuliko zote alizopata kufanya. Alitaka programu ambayo mtu hasomi kitu. Simu inalia ndani ya kompyuta, sauti inaongea, na wewe unatakiwa kujibu kwa mdomo wako, kwa sauti, mpaka uweze kukata simu bila kubabaika. Ukishinda sauti ya upole, inakuja ya hasira. Ukishinda ya hasira, inakuja inayolia.

Inspekta, ambaye mwanzoni alisema aje wamwone tu, sasa alikuwa havumilii kukaa mbali. Alivuta kiti chake karibu. "Kuna kamba tatu wanazovuta," alisema, akihesabu kwa vidole. "Hofu, huruma, haraka. Miaka yote niliyohoji matapeli sikupata ya nne. Na wote walinikiria jambo moja: wakisikia mtu anasema atapiga mwenyewe baadaye, wanakata tamaa. Hawaogopi mtu mwerevu. Wanaogopa mtu asiye na haraka."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unapiga simu."

Wakacheka wote wawili. Kutokana na maneno hayo Mama Mkwe aliandika sentensi ya kuwafundisha watu, akaifuta, akaiandika upya, akaijaribu kwa mama yake pale kwenye cherehani mpaka ikakaa vizuri mdomoni. Ilikuwa hivi: "Nakuheshimu sana, na kwa sababu nakuheshimu, nakata simu hii, kisha nitapiga mimi mwenyewe kwa namba ninayoijua." Heshima ilikuwa ndani yake, na mlango ulikuwa umefungwa. Profesa aliisoma akasema hata mtoto wa darasa la pili angeikariri, na kwake hiyo ilikuwa sifa ya mwisho kabisa.

Wafanyakazi walifanya mazoezi kwa majuma kadhaa. Mwanzo walikuwa wakiona haya kuongea na kompyuta. Baadaye vyumba vya shirika vilijaa sauti za watu wakikata simu kwa heshima, na utani ukazaliwa. Ukimwomba mwenzako kalamu, alikujibu, "Nakuheshimu sana." Bwana Pole ndiye aliyechelewa kuliko wote. Sauti ya kulia ilimshinda mara nyingi. Mama Mkwe alikaa naye mwenyewe, mchana mmoja baada ya mwingine, katika chumba cha mitambo chenye skrini zinazoonyesha matangi na pampu kwa rangi ya kijani na buluu.

"Mwanangu," Bwana Pole alimwambia, maana alikuwa na umri wa kumzaa, "mimi mtu akilia siwezi."

"Usimzuie kulia, baba. Mwache alie. Wewe mwambie utampigia."

Siku aliyoweza kwa mara ya kwanza, alifuta jasho kwa leso kama aliyepanda mlima.

Basi ikatokea asubuhi moja Mkurugenzi akiwa safarini, katika mkutano na wageni wakubwa. Alitaka kuwaonyesha kwenye kompyuta yake ndogo jinsi matangi ya mji yanavyoonekana moja kwa moja. Neno lake la siri likamgomea. Akapiga chumba cha mitambo ili apewe la fundi wa zamu. Zamu ilikuwa ya Bwana Pole.

"Sikiliza," Mkurugenzi alisema. "Nipe neno lako la siri, niko mbele ya wageni."

"Mheshimiwa," Bwana Pole alisema, "nakuheshimu sana, na kwa sababu nakuheshimu, nakata simu hii, kisha nitapiga mimi mwenyewe kwa namba ninayoijua."

Akakata.

Alipiga ofisini kwa Mkurugenzi kama alivyofundishwa. Katibu muhtasi akamwambia bosi yuko safarini na yeye hana njia ya kumpata kwa haraka. Mkurugenzi akapiga tena. Bwana Pole akasema tena, maneno yaleyale, kwa adabu ileile. Mara ya tatu Mkurugenzi alikuwa akinguruma, wageni wakisikia. Bwana Pole alisubiri ngurumo ipite, akasema pole, akakata.

Kisha akampigia Mama Mkwe. "Mwanangu, nadhani leo nimejifukuza kazi."

"Alikuwa mwenyewe kweli?"

"Sasa nimejua alikuwa mwenyewe, katibu wake amenithibitishia. Wakati ule sikujua. Sauti ilikuwa yake, lakini si ulisema sauti si kitu?"

Mama Mkwe aliweka simu mezani. Alipaswa kuwa na wasiwasi, maana mkataba wote ungeweza kuvunjwa. Lakini furaha ilimpanda mpaka akaona haya, akageuka dirishani Inspekta asimwone uso. Inspekta aliuona. "Amemkatalia bosi?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Mara tatu!" Inspekta alisimama, akanyoosha shati lake. "Tutakwenda wote."

Mkurugenzi aliporudi aliwaita. Ukumbi wa mikutano ulikuwa na meza ndefu inayong'aa na viti vya kuzunguka, na yeye hakuwa amekaa. Bwana Pole alikaa pembeni, mikono magotini. Profesa, Inspekta na Mama Mkwe walipewa upande wa pili.

"Nimeaibishwa na mfanyakazi wangu mwenyewe," Mkurugenzi alisema. "Sauti yangu anaijua! Miaka nenda miaka rudi anaisikia. Mnawafundisha nini hawa watu? Mnawafundisha ukaidi!"

"Mheshimiwa, naomba ruhusa ya kusema jambo moja, na nitalisema vibaya kidogo," Mama Mkwe alisema.

"Sema."

Alivuta pumzi. Alikuwa amemsikiliza mtu huyu katika vikao kwa miezi, na sikio lake halikuwahi kusahau. Hakujaribu kuiga unene wa sauti. Aliiga mwendo wake: kile kikohozi kifupi, ule mkato, zile pumzi zinazokwisha kabla ya sentensi. "Sikiliza. Niko mbele ya wageni, sina muda. Nileteeni yale mafaili ya pampu hapa sasa hivi. Tumeelewana?"

Katibu muhtasi, aliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe huku amewapa mgongo, akaitikia, "Ndiyo, mheshimiwa," akaweka sinia, akageuka aende.

Inspekta alikohoa. Profesa aliinamia meza. Bwana Pole, masikini, alisema, "Pole, mheshimiwa." Halafu ukumbi mzima ukacheka, na Mkurugenzi, baada ya kupigana na uso wake kidogo, akashindwa, akacheka kuliko wote. Katibu muhtasi alisimama mlangoni akiuliza, "Kwani nimefanya nini?"

"Mimi ni mtu, nimefanya kwa mdomo," Mama Mkwe alisema kicheko kilipotulia. "Siku hizi mashine inafanya vizuri zaidi. Inspekta anaweza kukueleza."

"Hotuba yako moja tu iliyorushwa hewani inawatosha," Inspekta alisema. "Watatengeneza sauti yako hata mkeo asiitofautishe. Huyu fundi wako amekukatalia wewe, na kwa hiyo angemkatalia na yule mwingine. Hakuna njia ya kumkatalia mmoja bila mwingine."

Mkurugenzi alivuta kiti, akakaa. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayefikiri. "Haya. Nimeelewa. Lakini nijibuni hili. Siku kukiwa na dharura ya kweli, bomba limepasuka, niko mbali, nataka kusaidia, na fundi ananikatia simu. Amepiga ofisini, hakuna anayejua nilipo. Hapo mji unazama kwa sababu ya heshima zenu."

Lilikuwa swali zuri, na Mama Mkwe alikuwa na mazoea ya kulipa swali zuri haki yake. "Hapo kosa ni letu," alisema. "Tulimfundisha kukata simu na kupiga upya. Hatukuhakikisha kwamba huko anakopiga kuna mtu. Tumempa mlango wa kutokea halafu nje tukaacha shimo. Tutalifukia."

Walilifukia siku hiyohiyo, mezani pale, vikombe vya chai vikiwa kati yao. Waliamua kuwe na simu moja ya zamu ya uongozi, ishikwe na mkubwa mmoja au mwingine mchana na usiku, na yeyote atakayeishika ajue mkurugenzi yuko wapi. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyependekeza neno la siri lisiwe la mtu mmoja kwa mambo mazito, watu wawili wakubaliane kwanza. Inspekta alimtazama kwa heshima mpya. Na kabla hawajaachana, Mkurugenzi alimwendea Bwana Pole, akampa mkono. "Umenikera sana," alimwambia. "Endelea hivyohivyo."

Wiki iliyofuata aliingia kwenye kile chumba chenye zulia ukutani, akarekodi ujumbe wa kufungulia somo: "Sikiliza. Hata nikiwa mimi, nikatalie. Tumeelewana?" Mama Mkwe alimrudisha mara nne, akimwambia anaongea kama anasoma. Alikubali kila mara bila manung'uniko, na inasemekana baadaye aliwasimulia watu kwamba amewahi kuwa mwigizaji.

Simu ya kweli ilikuja wakati wa mvua. Sauti ilikuwa ya Mkurugenzi kabisa, mpaka kile kikohozi. Aliyekuwa zamu alikuwa fundi wa kike aliyeajiriwa karibuni. Alisema maneno aliyofundishwa, akakata, akapiga simu ya uongozi. Aliyeipokea alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, amekaa nyumbani kwake akinywa chai. Maji ya mji hayakukatika hata tone. Matapeli hawakukamatwa, na jambo hilo bado linamkera Inspekta. Analisema kila mtu akitaja habari hiyo, hata ikiwa ni katika kumpongeza.

Baada ya hapo mashirika mengine yalibisha hodi. Hospitali ilitaka somo la wauguzi wake, na shule zikataka la walimu na wazazi. Profesa akapata chumba cha pili, na watafiti wapya wakaajiriwa, kila mmoja na kazi yake ya zamani: mmoja alikuwa mkalimani wa mahakamani, mwingine alikuwa akiuza bima nyumba kwa nyumba. Bwana Pole alipostaafu aliombwa aje kuigiza sauti ya tapeli. Walijaribu asubuhi nzima. Alianza kila simu kwa kusema, "Samahani kwa usumbufu," na akikataliwa alishukuru. Walimwachia kazi ya kuwatuliza wanafunzi walioanguka, na hiyo aliifanya kwa kipaji cha pekee.

Somo la shule lilihitaji sauti ya mwanamke mtu mzima anayeomba msaada kwa unyonge. Mama Mkwe alijaribu mwenyewe, haikukaa. Akamleta mama yake. Mama aliingia kituoni amevaa nguo aliyoishona kwa ajili ya siku hiyo, akatazama kipaza sauti kama anayepima kitambaa, akayasoma maneno aliyoandikiwa.

"Haya ameandika nani?"

"Mimi, mama."

"Hakuna mama anayeomba hivi. Mama haombi. Mama anauliza umeshakula."

Akayaweka maneno kando. Akasogeza kiti, akaanza kwa kuuliza kama mwanawe ameshakula, kama amelala vizuri, kama kile kikohozi kimepona. Alichukua muda wake wote. Alipofika kwenye ombi, Inspekta, aliyekuwa amesimama nyuma ya kioo na visikilizio masikioni, alikuwa ameshaitikia kwa kichwa.

Katika sauti zote za somo lile, ile ndiyo iliyowaangusha wengi zaidi, walimu wakuu na mafundi wa kompyuta wakiwemo. Ilipowekwa kwenye taarifa ya mwaka, Mama Mkwe alimpelekea mama yake habari chumbani kwake kwa kushonea, akamsomea takwimu akiwa amesimama kati ya vitambaa, mwenye fahari kuliko siku aliyopokea shahada yake.

Mama alikata uzi kwa meno. "Sasa mbona hamjaniita tena?" alisema. "Nina sauti nyingine tatu."